Pango la biashara Dar: jinsi ya kupata risiti ya VAT inayokubalika

Nauandika mwongozo huu baada ya kumsaidia dada mmoja mwenye duka la vipuri Gerezani. Alilipa pango la mwaka mzima, akatozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 juu yake, na alichopewa ni risiti ya kitabu iliyogongwa muhuri. Kwa VAT karatasi hiyo haina thamani yoyote. Mwenye jengo keshapokea pesa, na sasa simu hapokei.

Hatua ya 1: Hakikisha jambo hili linakuhusu

Pango la makazi halina VAT. Pango la fremu, ofisi au ghala lina VAT, kwa kawaida ya asilimia 18, iwapo mwenye jengo amesajiliwa. Wewe unaweza kuidai kwenye ritani yako ikiwa nawe umesajiliwa. Usajili ni lazima mauzo yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 100. Kama hujasajiliwa, ihesabu VAT kuwa sehemu ya gharama ya pango.

Hatua ya 2: Mkague mwenye jengo kabla dalali hajachukua chake

Omba nakala za cheti cha TIN (namba ya mlipakodi) na cheti cha VAT. Kama ana TIN tu na hajasajiliwa VAT, hana haki ya kukutoza asilimia 18.

Ukisikia "bei ya risiti na bei bila risiti", tafuta fremu nyingine. Najua Kariakoo fremu hazipatikani kirahisi, lakini anayeanza hivyo atakusumbua kila kipindi cha malipo. Na yule atakayesema "nitakukatia risiti ya hadwea ya shemeji yangu", mkatae papo hapo. Risiti ya saruji haiwezi kuthibitisha pango.

Hatua ya 3: Mkataba

Andikeni matumizi ni biashara. Mikocheni kuna nyumba nyingi zilizogeuzwa ofisi huku mikataba yake bado inasema makazi. Ukifika ukaguzi, hapo ndipo maswali yanapoanzia.

Andikeni pia kama bei ina VAT ndani au haina. Mkataba ukitaja milioni 2 kwa mwezi bila maelezo, VAT huhesabiwa kuwa imo ndani: 18/118 ya milioni 2, yaani 305,085. Mwenye jengo alidhani atabaki na milioni 2 kamili, na ugomvi huanzia hapo. Bei iandikwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimezuia kupanga bei za ndani kwa dola. Kisha mkalipie ushuru wa stempu.

Hatua ya 4: Ankara kwanza, na taarifa zako zote

Hapa ndipo watu wengi wanakwama.

Ankara iliyochapwa kwenye kompyuta, hata iwe na nembo ya rangi tatu, ni ya kuanzia tu, haitoshi. Unachohitaji ni risiti ya kielektroniki, ya mashine ya EFD au ya VFD (mfumo wa programu unaofanya kazi hiyo hiyo), yenye jina, TIN na VRN (namba ya usajili wa VAT) ya mnunuzi, yaani wewe. Wenye majengo wengi huchapa risiti kama wanauza soda: kiasi tu, sehemu ya mnunuzi wazi. Risiti ya namna hiyo inaonyesha kuna aliyelipa, ila haionyeshi kuwa ni wewe.

Kuirekebisha baadaye ni kazi. Risiti ikishatoka, taarifa zake zimeshafika Mamlaka ya Mapato (TRA), na mashine haina kitufe cha kufuta. Ukimwambia achape nyingine anaogopa kudaiwa VAT mara mbili, na hofu yake ina msingi. Ndiyo maana nasisitiza umpe karatasi moja yenye jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti cha TIN, namba zote mbili, namba ya fremu na kipindi kinacholipiwa. Usimsomee namba kwa simu. Kosea tarakimu moja, umempa mtu mwingine risiti yako.

Halafu tazama jina la mtoaji. Mkataba unamtaja mzee, mashine ni ya kampuni ya mwanawe, akaunti ya benki ni ya mama. Majina matatu kwa pango moja! Dai mkataba, ankara na risiti vibebe jina moja. Kama mzee amefariki, omba nakala ya barua ya usimamizi wa mirathi na mkataba uandikwe upya kwa msimamizi. Ni jambo zito kumwambia mfiwa, kwa hiyo mpe pole kwanza, ila usiliache.

Gharama za ulinzi na usafi wa jengo nazo zina VAT. Ziwe kwenye mstari wake. Umeme ukiwa na LUKU yako mwenyewe, tunza risiti za TANESCO.

Hatua ya 5: Lipa kwa benki, zuia asilimia 10

Kodi ya zuio, yaani sehemu ya pango unayomkata mwenye jengo na kumlipia TRA, hukatwa kwenye pango kabla ya VAT. Kwa pango la milioni 2 bila VAT ndani, VAT ni 360,000 na zuio ni 200,000. Mwenye jengo anapata 2,160,000, na ile 200,000 unaipeleka TRA isizidi tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Mwambie mapema, tena kwa maandishi, kuwa atapata cheti cha zuio, la sivyo ataona umemdhulumu. Kutuma kwa simu kwenye namba binafsi sikushauri kabisa.

Hatua ya 6: Hakiki palepale

Skani msimbo wa risiti au ingiza namba ya uhakiki kwenye tovuti ya TRA. Linganisha kiasi, tarehe na TIN yako ukiwa bado umekaa ofisini kwake. Kisha toa kopi, maana karatasi ya mashine hufifia hata ukiifungia kwenye faili.

Hatua ya 7: Ritani

Ritani ya VAT, yaani taarifa ya kila mwezi unayowasilisha TRA, mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Risiti ikichelewa una miezi sita ya kuidai. Ikipita hapo, asilimia 18 yote imebaki kwako.