Kabla ya rejesho la mwisho: namna ya kuilinda pesa iliyoachwa na makato

Mtu anayekaribia kumaliza mkopo wa miaka 4 amejifunza kuishi bila pesa fulani, lakini hajajifunza kuisimamia. Miezi 48 benki imechukua chake kabla yeye hajaugusa mshahara, na kilichobaki ndicho kilichokwenda kwenye unga, nauli na kodi ya nyumba. Makato ndiyo yaliyokuwa bajeti yake. Siku yanapokoma, bajeti nayo inaondoka, na ndiyo maana wengi huonekana tena mbele ya meza ya afisa mikopo kabla mwaka haujaisha. Kazi ya kuzuia hilo hufanyika miezi 2 au 3 kabla ya rejesho la mwisho. Ukisubiri mshahara wa kwanza usio na makato uingie, tayari umechelewa, kwa sababu pesa isiyo na kazi ndani ya nyumba hutafutiwa kazi na kila mtu.

Anza na karatasi. Omba benki taarifa ya mkopo inayoonyesha baki na tarehe ya rejesho la mwisho, uilinganishe na slipu zako za mshahara mwezi kwa mwezi. Orodha ya mishahara hufungwa siku kadhaa kabla ya siku ya malipo, hivyo taarifa ya kusimamisha makato ikifika kwa mwajiri baada ya hapo, unakatwa mwezi mmoja ambao hudaiwi. Pesa hiyo hurudi kwa kudai, na anayedai bila slipu na taarifa ya benki huzungushwa. Andika barua ya kuuliza mapema, ukiwa bado na marejesho 2 mbele, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wanaorejesha mkopo wa elimu ya juu wafanye vivyo hivyo: Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 135,000 kwa mwenye msingi wa 900,000, na mwezi mmoja wa ziada wa kiasi hicho si pesa ya kusamehe.

Baada ya rejesho la mwisho unahitaji barua ya kumaliza deni yenye namba ya mkopo, tarehe na muhuri. Ndiyo itakayokusaidia kama kumbukumbu zako za mikopo kwenye kampuni kama Creditinfo bado zinaonyesha unadaiwa. Kama uliweka hati ya nyumba, usiridhike na kurudishiwa hati mkononi. Rehani iliyosajiliwa lazima ifutwe kwenye daftari la msajili wa hati pia; isipofutwa, utakuja kuligundua hilo siku unapotaka kuuza au kumrithisha mtoto.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua mtu ambaye mkononi anapata 620,000 baada ya rejesho la 210,000. Mkopo ukiisha atapata 830,000. Kosa kubwa ni kukaa na karatasi mpya na kupanga upya 830,000 yote, kwa sababu kila kifungu kitavimba kidogo: chakula 40,000 zaidi, bando 15,000 zaidi, bodaboda badala ya daladala, na 210,000 imeyeyuka bila mtu kuona ilipopitia. Acha 620,000 ibaki kama ilivyo, uipangie 210,000 tu. Kwenye daftari iendelee kuitwa rejesho. Nenda benki ukajaze fomu ya kuihamisha kila mwezi, siku ile ile mshahara unapoingia, kwenda akaunti nyingine isiyo na kadi. Iwe siku ile ile kweli, kwa maana ikichelewa hata siku 3 utakuwa umeshaizoea.

Miezi 3 ya kwanza usiigawe kabisa. Iende yote kwenye akiba ya dharura: 210,000 mara 3 ni 630,000, sawa na mwezi mzima wa matumizi na chenji kidogo. Hiyo ndiyo inayokutenganisha na mkopo mpya, kwa sababu mikopo mingi ya haraka huanza na jambo la 150,000 au 200,000: mtoto amelazwa, pikipiki imekufa injini, paa limevuja. Kuanzia mwezi wa 4 mgawanyo unaoweza kudumu ni huu: 90,000 kuendelea na dharura mpaka ifike miezi 3 ya matumizi, 70,000 mambo ya mwaka, 30,000 michango, 20,000 raha. Hiyo ya raha usiiondoe kwa kujiona shujaa. Nyumba iliyobana miaka 4 ikinyimwa hata chipsi kuku za mwisho wa mwezi, itachota penye akiba, na itachota zaidi ya 20,000.

Kifungu cha mambo ya mwaka kinastahili kukaliwa chini, kwani humo ndimo deni jipya huzaliwa. Fungua kalenda uandike kila kitu kinachokuja mara moja au mbili kwa mwaka. Kwa mfano: sare, viatu na madaftari ya Januari 240,000, bima na matengenezo ya pikipiki 150,000, sikukuu 120,000, safari ya kijijini Desemba, nauli na zawadi za wazee, 330,000. Jumla 840,000, ukigawa kwa 12 unapata 70,000. Hakuna hata kimoja ambacho ni dharura. Januari inajulikana tangu Februari iliyopita. Kodi ya nyumba nayo ni ya hesabu hiyo: mwenye nyumba anayetaka ya miezi 6 kwa mkupuo anamtaka mpangaji wa 100,000 alete 600,000 kwa siku moja, na aliyekuwa anaikopa kila mara sasa aitenge 100,000 kila mwezi ndani ya zile 620,000, isilale akaunti moja na pesa ya chakula. Ukimaliza deni katikati ya mwaka, mambo ya Desemba na Januari hayatakuwa yametimia; yapunguze mwaka huo wa kwanza na uwaambie wanaohusika mapema.

Dharura ikae wapi? Ya mwezi wa kwanza ikae benki, pa kufikika siku hiyo hiyo. Benki zilizo chini ya Bodi ya Bima ya Amana zinalindwa hadi shilingi 7,500,000 kwa mwenye amana mmoja katika benki moja, kiwango kilichopandishwa 2023 kutoka 1,500,000. Inayozidi mwezi mmoja inaweza kwenda kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayosimamia uwekezaji wa pamoja, ambako hukua kidogo na kuitoa huchukua siku chache za kazi. Hizo siku ni faida kwa mtu ambaye mkono wake ni mwepesi, ila ndizo sababu usiweke huko pesa ya kumpeleka mtu hospitali usiku. Hati fungani za serikali huanzia 1,000,000 na ni za miaka. Zisubiri mpaka dharura ijae.

Kisha simu. Kufuta programu ya mikopo hakufungi akaunti yako huko, wala hakuondoi orodha ya namba za watu wako waliyokwisha kuichukua. Lipa, omba kwa maandishi akaunti ifungwe, ondoa ruhusa za majina na ujumbe kwenye mipangilio ya simu, ndipo ufute. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na mtindo wa baadhi ya wakopeshaji hawa kuwapigia ndugu na mabosi unajulikana. Jitoe pia kwenye huduma za kukamilishiwa salio kama Songesha, na acha kukopa vocha. Kila muamala una ada ndogo ambayo haionekani mpaka ujumlishe ya mwezi mzima. Na ikitokea lazima ukope, mkopeshaji mdogo mwenye leseni ana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi: kwa 300,000 ni 10,500. Anayekupa 50,000 Jumatatu akitaka 60,000 Jumatatu inayofuata, hiyo ni asilimia 20 kwa wiki. Hao ndio kausha damu.

Benki yenyewe itakupigia. Mfumo wao unaona kwamba nafasi ya makato imefunguka, na afisa ana lengo la mwezi la kufikia. Ofa ya kuongeza mkopo huja kabla hata hujamaliza: umebakiza miezi 5, unapewa 4,000,000 mkononi, na miezi inarudi kuwa 48. Sheria inayotaka mtumishi wa umma abaki na angalau theluthi ya mshahara wa msingi inakukinga usikatwe mpaka ufe njaa. Haikwambii kwamba mkopo unakufaa. Muulize swali moja: jumla ya nitakachorejesha mpaka mwisho ni shilingi ngapi? Liandike hilo jibu, kisha kaa nalo siku 30 kabla ya kuamua.

Kwa ndugu na majirani, usitangaze. Wanaolala nyumba moja na wewe wajue na mkubaliane kabla, mke au mume kwanza. Wengine hawana sababu ya kujua tarehe. Michango ya harusi ndiyo tundu kubwa kuliko yote, na hulizibi kwa kukataa watu. Unaliziba kwa kuwa na kiwango na kukisema mapema. Kwenye kundi la kamati, kabla ahadi hazijaanza kupandishana, andika: “Dada, hongereni sana. Mchango wangu ni 30,000, nitautuma tarehe 28.” Basi. Usiandike 100,000 kwa sababu aliyekutangulia kaandika 100,000. Ahadi ni deni, na hapa ni deni hasa: mweka hazina ataliandika kwenye daftari na kukukumbusha kila Jumapili. Mwezi usio na kadi, 30,000 hiyo ibaki kwenye kifungu chake, maana msimu wa harusi unaleta kadi 3 kwa mpigo. Msiba haungoji mwezi. Rambirambi itoke humo humo, na harusi isubiri.

Halafu watakuja wa udhamini. Mwenzako kazini anataka mkopo wa SACCOS na amesikia wewe huna mzigo. Unaposaini, akiba yako ndani ya chama hushikiliwa kwa kiasi ulichodhamini, na akishindwa inakatwa. Kwa hiyo hesabu udhamini kama mkopo wako, kwa kiasi chote. Kama huwezi kukilipa peke yako, usisaini. Mwambie hivyo hivyo, kwa upole na bila kuzunguka. Kikoba ni kizuri kwa nidhamu yake ya hisa za kila wiki, lakini uliza kabla ya kujiunga: je, mwanachama analazimika kukopa? Baadhi ya vikundi humtaka kila mtu achukue mkopo ili riba ijae ya kugawana mwisho wa mzunguko. Huko utarudi kwenye marejesho kwa mlango wa nyuma.

Vitu vinavyonunuliwa taslimu navyo vina mkia. Tazama umeme wa LUKU. Nyumba iliyo kwenye tarifu ya D1, ya watumiaji wadogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Inayotumia uniti 70 inalipa 7,000. Ikiongeza friji ndogo inayokula takribani uniti 1 kwa siku, na pasi pamoja na jagi la umeme uniti 10, inafika 110: uniti 75 za kwanza 7,500, uniti 35 zilizobaki 12,250, jumla 19,750. Ikiendelea hivyo itahamishiwa tarifu ya T1, ambako uniti ni 292 tangu ya kwanza: 110 mara 292 ni 32,120. Friji ililipwa mara moja. Hiyo tofauti ya 25,000 na ile 7,000 ya mwanzo inalipwa kila mwezi. Hatusemi usinunue friji. Kabla ya kununua chochote, andika pembeni ya bei yake kitakachokula kwa mwezi, na ukitafutie kifungu.

Ujenzi nao hutafuna akiba kwa heshima zote. Kuweka matofali kidogo kidogo ni akiba nzuri, tofali halivundi. Saruji ni habari nyingine. Mfuko wa kilo 50 uliolala chumbani Dar es Salaam au Tanga hunyonya unyevu wa pwani, na baada ya miezi 3 hivi umeanza kushika mabonge na kupoteza nguvu; mabonge yasiyovunjika kwa vidole hayafai kwa zege. Nunua wiki fundi anapoanza, uweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Mchanga na kokoto zikikaa hadi masika, mvua inaondoka nazo. Na msingi usianze kabla ya kuwa na pesa ya kuumaliza mpaka jamvi, kwani msingi wa nusu ndio unaompeleka mtu kuomba “kaongezeko kadogo tu” benki.

Mwisho kuna Julai. Mwaka mpya wa fedha wa serikali huanza tarehe 1, na nyongeza nyingi za watumishi huonekana hapo, kama ilivyokuwa 2025 kima cha chini kilipopanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Ukipata nyongeza ya 60,000, rudi kwenye fomu ya benki wiki hiyo hiyo, uhamisho upande kutoka 210,000 hadi 240,000. Nusu iliyobaki ipewe jina kabla ya mshahara wa Agosti: nyama mara moja zaidi kwa wiki, masomo ya jioni ya mtoto, dawa za presha za mama.