Namna ya Kuichunguza Siku ya Mtoto Katika Shule za Bweni za Watawa, Ireland

Anayetaka kuandika juu ya mateso ya watoto katika shule za kazi za Ireland, yaani shule za bweni ambako mahakama zilipeleka watoto wa maskini na mashirika ya watawa yakawalea kwa fedha za serikali, asianze na kesi zilizovuma magazetini. Aanze na ratiba, kwa kuwa maumivu mengi yalikuwa yamejificha ndani ya mambo ya kila siku: kengele, chakula, kufua, kulala.

Chukua ripoti ya tume iliyochunguza mateso hayo chini ya Jaji Seán Ryan, iliyotolewa Mei 2009. Ina juzuu tano, wala huna haja ya kuzisoma kwa mfuatano. Chagua shule moja tu. Ukichagua Goldenbridge ya Dublin, iliyokuwa chini ya Masista wa Huruma, fuatilia saa zilizobaki baada ya masomo, nawe utawakuta wasichana wakiunga shanga za rozari kwa waya na koleo, kila mmoja akidaiwa makumi 60 kwa siku. Hapo simama upige hesabu mwenyewe: ni shanga 600 kabla ya kulala. Hakuna sifa ya kuongeza itakayomshtua msomaji kuliko hesabu hiyo.

Kisha fuata fedha. Ruzuku ililipwa kwa kila kichwa, kwa hiyo kitanda kitupu kilikuwa hasara. Artane, ya shirika la Christian Brothers, ilikuwa na nafasi za wavulana zaidi ya 800. Linganisha mapato hayo na sahani ya mtoto: katika miaka ya 1940 mkaguzi wa afya wa serikali, Dkt. Anna McCabe, alilalamikia watoto wasiolishwa vya kutosha.

Kanuni za shule hizi za mwaka 1933 ziliagiza adhabu ziandikwe katika daftari. Usipolikuta daftari, usidhani kwamba hapakuwa na viboko (kosa hili hufanywa hata na wasomi). Geukia ushuhuda wa watu zaidi ya 1,000 waliosikilizwa faraghani, ambamo vikojozi wanasimulia jinsi walivyopigwa na kuaibishwa kwa shuka zao mbele ya wenzao. Majina yao yamefichwa, basi usijaribu kuyabahatisha. Anayemkumbuka sista mmoja mpole naye umwandike, asiachwe kwa sababu anaharibu hoja yako.

Ukimaliza, ipange siku kuanzia kengele ya asubuhi hadi taa kuzimwa, na saa usiyoipatia habari uiache wazi.