Chekechea kwenye manyatta: namna ya kuiendesha Karamoja

Chekechea ya manyatta, yaani boma la familia za wafugaji, haifi kwa kukosa jengo. Hufa mlezi asipolipwa, uji ukikatika, au ikiwekwa mahali ambapo mtoto wa miaka mitatu hafiki kwa miguu yake. Haya yanawahusu wanaoanzisha au kusimamia vituo vya watoto wa miaka 3 hadi 5 Kotido, Kaabong, Moroto, Napak, Amudat na kwingineko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Elimu ya msingi kwa wote, UPE, iliyoanza 1997, inaanzia darasa la kwanza. Chini ya hapo kazi imebaki mikononi mwa wazazi na watu binafsi, kwa hiyo msipange bajeti mkitegemea mshahara wa serikali.

Mahali na ruhusa

Anzeni na wazee, kwenye kikao chao, kisha mzungumze na akina mama peke yao, maana ndio watakaoleta watoto. Mti wenye kivuli kizuri kuliko yote huenda ukawa wa akiriket, baraza la wazee. Huo msiuguse hata mkiambiwa uko wazi. Makubaliano ya ardhi yaandikwe, wazee waweke dole gumba, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, agonge muhuri, na nakala ipelekwe ofisi ya elimu ya wilaya mapema. Sheria ya elimu ya 2008 inaitambua elimu ya awali kuwa hatua ya kwanza ya elimu, hivyo kituo kinahitaji kujulikana rasmi.

Umbali upimeni kwa mguu wa mtoto. Nusu kilomita ataimudu bila kubebwa. Zaidi ya hapo anategemea dada yake, na siku dada akitumwa maji, mtoto anabaki nyumbani. Kituo kimoja kihudumie manyatta mbili tatu za jirani.

Paa la nyasi, nguzo, ukuta wa udongo unaofika kiunoni: inatosha. Upepo unapita na mama anayepita anamwona mwanawe. Penye udongo mweusi unaonata, inueni sakafu sentimita 20 hadi 30 kwa murram (changarawe nyekundu) na kuchimba mtaro upande wa juu wa mteremko, la sivyo mvua ya Mei itageuza darasa kuwa tope. Sakafu ikandikwe upya kwa udongo na samadi kila ikianza kupasuka. Uzio wa miiba ni ule ule wa zizi, ila ncha zielekee nje.

Mlezi

Chagueni wawili, wote wa pale pale: mmoja anayesoma na kuandika, mwingine mama mtu mzima anayejua hadithi, nyimbo na vitendawili vya kwao. Wawili, kwa sababu mmoja atajifungua, ataugua au atakwenda mnadani, na kituo kikifungwa siku tatu mfululizo watoto hutawanyika. Mwalimu mwenye cheti kutoka mbali asiyejua lugha ni hasara. Heri mama wa hapo apelekwe mafunzo wakati wa likizo. Kila mlezi asizidishe watoto 25.

Malipo yakubaliwe kabla ya kuandikisha mtoto wa kwanza. Kila kaya ichange mtama wakati wa mavuno, na kikundi cha akiba cha akina mama kitenge fedha kidogo za kila mwezi. Msitegemee mtama peke yake, maana mvua ikikosekana mchango unayeyuka. Pesa kidogo inayotoka tarehe ile ile kila mwezi humweka mlezi kazini kuliko ahadi kubwa.

Saa

Saa mbili asubuhi hadi saa tano na nusu. Muda huo mama yuko shambani au kukata kuni, na jua bado halijawa kali. Wavulana wa miaka mitano huanza kuchunga ndama na wana-mbuzi. Mkigombana na hilo mtashindwa, kwa hiyo kubalianeni na baba zamu za kuchunga. Mpango wa ABEK, elimu mbadala ya msingi kwa Karamoja ulioanza 1998, ulifuata njia hiyo ya kupanga masomo kwa saa za mifugo.

Wasichana wa miaka saba au minane watakuja wamebeba wachanga mgongoni. Msiwafukuze. Tandikeni mkeka wa wachanga pembeni, na majina ya wasichana hao muyaandike kando, kwani hao ndio wanaopaswa kuwa shuleni.

Uji

Hapa ndipo mahudhurio yanapoamuliwa, hasa miezi ya njaa kabla ya mavuno. Hesabu ni gramu 60 za unga kwa mtoto. Watoto 40 wanataka kilo 2.4 za unga na lita 14 hivi za maji, yaani karibu mililita 350 kwa kila kikombe. Kwa siku 20 za mwezi ni kilo 48, gunia moja la kilo 50. Muhula wa wiki 12 unataka magunia matatu. Hifadhini juu ya vichanja, mbali na ukuta, panya wasipate njia.

Koroga unga kwanza na maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye maji yanayochemka, koroga dakika 15 hadi 20 moto ukiwa mdogo. Mpishi akiwa na haraka uji huwa mbichi katikati na tumbo za watoto huvurugika siku hiyo hiyo. Kosa lingine ni kuongeza maji watoto wanapozidi: kikombe kinajaa lakini mtoto hashibi. Watoto wakizidi, ongezeni unga, au pimeni nusu kikombe cha uji mzito. Uji unywewe saa nne kamili, kwa kuwa ukitolewa mwishoni watoto wengine watakuja saa tano tu.

Maji ya kisima cha mchangani mtoni yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha yatiwe kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67 kwa jerikeni ya lita 20 na kusubiri dakika 30. Maji yenye tope hupunguza nguvu za dawa, ndiyo maana kuchuja kunatangulia. Kibuyu chirizi cha jerikeni ya lita tano kining'inizwe kwa kimo cha mtoto. Tundu la choo cha watoto lisizidi upana wa sentimita 15, vinginevyo wadogo wataliogopa na kumaliza haja nyuma ya uzio.

Kila mwezi mhudumu wa afya wa kijiji apime mzunguko wa mkono wa kushoto kwa utepe, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia, kwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Chini ya sentimita 12.5 aende kituo cha afya, chini ya 11.5 aende siku hiyo hiyo. Siku za Afya ya Mtoto, Aprili na Oktoba, ndizo za dawa ya minyoo na vitamini A.

Lugha na michezo

Baba wengi wanajua Kiswahili cha mnadani na jeshini, na watawaomba mkifundishe. Mtoto wa miaka minne hakijui. Aanze kwa Ngakarimojong, lugha ya Wakaramojong, Kipokot kwa walio Amudat, na lugha ya Waik kwa walio mlima Morungole. Kiswahili kije kwa wimbo.

Kuhesabu kuna msaada mkubwa: kwa Ngakarimojong sita ni "tano na moja", saba "tano na mbili". Basi pangeni kokoto tano tano, mstari chini ya mstari, na mkono wa mtoto mwenyewe ndio kipimo.

Ng'ombe wa udongo ni somo la kila kitu. Chota udongo wa mfinyanzi mtoni, changanya na mchanga kidogo usipasuke, ukaushe kivulini. Mtoto atafinyanga pembe na nundu, atataja rangi za ngozi ambazo mgeni hana jina lake, atahesabu zizi lake na kukuambia yupi kapotea. Vizibo vya chupa na maharage ni kwa wakubwa tu, chini ya jicho la mlezi. Maharage huingia puani na masikioni.

Familia zikihama

Kiangazi baadhi hufuata malisho. Wekeni vifaa kwenye sanduku moja la bati linalobebeka kwa boda boda, na daftari la pili la majina abaki nalo mzee wa manyatta. Msimu wa mvua mtoto arudi kwenye jina lake lile lile.

Wenye miaka mitano wapelekwe Novemba shule ya msingi watakayoanza Februari, asubuhi nzima, waone choo, kengele na sura ya mwalimu wa darasa la kwanza.