Somo: kurekodi shoo ya live bila sauti kupasuka, na kuihariri ukifika nyumbani

Habarini wadau. Hili ni la wale wanaorekodi bendi au taarab ukumbini kwa rekoda ndogo ya mkononi, zile kama Zoom H1n au H4n, afu wakifika nyumbani wanakuta sauti inakwaruza. Mwenye miksa ya chaneli 32 ana mambo yake mengine, hapa tunaongea rekoda, stendi na laptop basi.

Hatua ya 1: seti rekoda kabla hujatoka nyumbani

Weka WAV, biti 24, 48 kHz, stereo. Saa moja inakula kama GB 1, kwa hiyo kadi ya GB 32 inakutosha usiku mzima na inabaki. Ukiwa na biti 24 unaweza kurekodi chini bila woga ukaja kunyanyua baadaye. Afu zima auto levo, yaani rekoda kujipangia yenyewe ukubwa wa sauti inayoingia. Hii auto ikisikia dramu inashusha kila kitu, muimbaji akinyamaza inapandisha makelele ya watu, mwisho wa siku rekodi nzima inakuwa inahema juu chini na hakuna programu itakayoinyoosha vizuri.

Hatua ya 2: mahali pa kusimama

Katikati ya spika mbili za jukwaa, umbali wako ulingane na upana wa kutoka spika hadi spika au uzidi kidogo, na stendi inyanyue ipite vichwa vya watu. Ukikaa nyuma kabisa unarekodi mwangwi wa ukumbi tu. Sehemu ya wazi kama Ngome Kongwe kule Unguja, palipofanyika tamasha la muziki la Sauti za Busara miaka mingi, hamna dari ya kurudisha sauti, shida inahamia kwenye upepo, kwa hiyo maiki ivalishe manyoya yake.

Hatua ya 3: levo

Hapa ndio penyewe. Saundi cheki inadanganya bana. Ukumbi ukiwa mtupu saa 2 usiku fundi mitambo anapiga taratibu, ikifika saa 5 watu wamejaa kashapandisha, na sebene likiingia mpiga dramu anagonga kama analipwa kwa kilo. Kwa hiyo wakati wa majaribio vilele (pale sauti inaporuka juu zaidi) viguse kama desibeli -18 mpaka -15 kwenye mita ya rekoda, 0 ndio mwisho wake, usishawishike kupandisha. Shoo ikichanganya utajikuta kwenye -12 au -10 na mara moja moja -6, hapo umepatia. Waliozoea kaseti walikuwa wanasukuma mpaka sindano inaingia nyekundu kidogo na tepu inakubali, dijito haikubali, kinachozidi 0 kinakatwa kichwa na hakirudi.

Kitu wengi hawakitegemei: kwenye taarab kinachopiga kilele kikubwa mara nyingi sio besi wala kinanda, ni mama aliyesimama karibu na maiki yako anapiga kigelegele wenzake wakienda kutunza. Mwachie nafasi yake.

Ukishaseti usiguseguse. Ikibidi kushusha subiri makofi kati ya wimbo na wimbo, usishushe katikati ya ubeti.

Hatua ya 4: kuhariri

Kopi faili kwanza, orijino iache kama ilivyo. Mimi natumia Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure. Ukiifungua utaona mawimbi membamba ukadhani umekosea, hapana, ndivyo inavyotakiwa.

Anza na High-Pass Filter kwenye 30 au 40 Hz, inaondoa mtikisiko wa jukwaa na upepo ambao husikii vizuri lakini unakula nafasi bure. Halafu tafuta zile sindano zilizochomoza peke yake, makofi, kigelegele, mtu kapiga stendi teke. Tuseme kigelegele kimefika -3 lakini muziki wenyewe haujawahi kuvuka -11. Ukinyanyua faili nzima hivyo hivyo unapata desibeli 2 tu. Sasa vuta karibu, chagua kile kigelegele peke yake, weka Amplify ya hasi 8, kinashuka mpaka -11, na ghafla una desibeli 10 za kunyanyua shoo nzima mpaka -1. Usikifute lakini! Taarab bila vigelegele ni mazoezi.

Nyanyua shoo nzima kwa pamoja, sio wimbo mmoja mmoja, ili wimbo wa taratibu ubaki wa taratibu. Limita (ile inayozuia vilele visivuke kiwango ulichoweka) ikate desibeli 2 au 3 basi. Mwisho kata nyimbo, na ile fedi (sauti kufifia taratibu) ya sekunde 4 au 5 iangukie kwenye makofi, isile noti ya mwisho. Hifadhi FLAC (faili linalobanwa bila kupoteza sauti), ya kuwatumia watu toa MP3.

Maswali ya wadau

*Mkuu mbona mimi nilichukua waya kutoka kwenye miksa, levo ilikuwa -20 na bado imepasuka?*

Imepasuka kabla ya kufika kwenye mita. Ama ulichomeka laini ya miksa kwenye tundu la maiki, ama miksa yenyewe ilikuwa inawaka nyekundu. Tumia laini ini (tundu la line in), na muombe fundi kiustaarabu ashushe ile njia anayokupa. Ukishusha geini yako (kiasi rekoda inavyokuza sauti inayoingia) peke yake unapata sauti ndogo iliyopasuka.

*Sina rekoda nina simu tu.*

Tafuta programu inayokuruhusu kuseti geini mwenyewe na kuzima auto, afu kaa mbali na spika kuliko mwenye rekoda. Besi kubwa inaizidi maiki ya simu hata kama levo iko chini.

*Kuna jenereta nyuma ya ukumbi, ile Noise Reduction inasaidia?*

Kidogo sana, ukiikaza waimbaji watasikika kama wako chini ya maji. Kama ni mvumo wa umeme kata 50 Hz na 100 Hz kwa Notch Filter, ila muziki ukishaanza mara nyingi unaufunika, kwa hiyo mimi nashughulika na sehemu za kimya tu.

*Video na sauti vinaanza sawa, ikifika saa moja midomo haiendani.*

Kamera na rekoda kila moja ina saa yake ndani, hazitembei sawasawa kabisa. Usihangaike kuvuta faili nzima, kata kwenye makofi na upange upya kila wimbo. Ila kama inachelewa kiasi kile kile mwanzo mpaka mwisho, hiyo ni umbali: kila mita 34 kutoka kwenye spika sauti inachelewa sehemu ya kumi ya sekunde, isogeze sauti ianze mapema kidogo, mara moja umemaliza.