Somo: mazoezi na dawa za mitishamba kwa mzee mwenye Alzheimer

Mzee akipata Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu, familia nyingi hapa Mombasa huanza na chupa ya vidonge vya mitishamba, mazoezi yakaachwa hadi baadaye. Mimi nashauri mpangilio huo ugeuzwe.

Hatua ya kwanza ni daktari, kwa kuwa upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo na sonona pia humsahaulisha mtu, na hayo hutibika. Mpimeni presha na sukari siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili ni kutembea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki, lakini mzee aliyezoea kukaa barazani aanze na dakika chache, akishikwa mkono, kwa njia ile ile na saa ile ile. Ufuo wa Mama Ngina unafaa asubuhi kabla jua halijawa kali. Vichochoro vya Mji wa Kale vina kivuli, ila bodaboda hutokea bila kutarajiwa. Msimtoe magharibi, kwani wagonjwa wengi huchanganyikiwa zaidi jua linapotua. Avae viatu vinavyoshika mguu vizuri, si ndara, na siku za mvua ainuke na kuketi kitini mara kadhaa.

Msitarajie kumbukumbu irudi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 494, ulionyesha kwamba mazoezi mazito kiasi yaliimarisha miili yao lakini hayakupunguza kasi ya ugonjwa. Hata hivyo, mzee anayeweza kuinuka mwenyewe na kwenda msalani humpunguzia mwuguzi wake kazi kubwa, na hilo kwangu latosha.

Hatua ya tatu ndiyo mitishamba. Ginko, inayosifiwa kuliko zote, ilijaribiwa Marekani kwa watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, miligramu 120 mara mbili kwa siku; matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba haikuzuia ugonjwa. Manjano ya mchuzini hayana neno, lakini vidonge vyake vilivyokolezwa vimewahi kudhuru maini ya baadhi ya watumiaji. Sidharau mimea: galantamini, dawa ambayo madaktari huwaandikia wagonjwa wa Alzheimer, asili yake ni maua, ila kipimo chake kinajulikana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Likoni: Mwalimu, bibi akiambiwa tukatembee hukataa na kukasirika. Nifanyeje?
Jibu: Usibishane naye, mwanangu. Usilitaje zoezi kabisa. Mwombe akusindikize dukani au mkamjulie hali jirani. Akikataa, ngoja kidogo kisha mwombe tena.

Mwanachama wa Kisauni: Mama anameza aspirini ya moyo, na dada ameleta ginko kutoka Dubai. Aianze?
Jibu: Asiianze. Zikichanganywa, hatari ya kutokwa na damu huweza kuongezeka, na kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, tahadhari ni kubwa zaidi. Ipelekeni chupa yenyewe kwa daktari wake au kwa mfamasia, pamoja na dawa zake zote.

Mwanachama wa Majengo: Je, habbat soda na asali?
Jibu: Hakuna utafiti mkubwa uliothibitisha kwamba habbat soda hutibu Alzheimer. Kidogo katika chakula si tatizo, lakini huweza kushusha sukari na presha, kwa hiyo anayetumia dawa za maradhi hayo amwarifu daktari kwanza. Asali, kwa mwenye kisukari, ihesabiwe kuwa ni sukari.