Muvi za huzuni: jinsi ya kuzikubali bila kuzienjoi

Kwanza toa hilo wazo kwamba muvi ikiwa kali lazima ikufurahishe, kukubali kitu na kukienjoi ni mambo mawili tofauti kabisa, unaweza ukamaliza muvi roho imekuchafuka na bado ukasema huyu dairekta anajua kazi yake.

Ukiwa unaangalia usijiulize "naenjoi?", jiulize wamefanyaje mpaka naumia hivi. Sikiliza sauti. Kwenye Come and See, muvi ya vita ya Umoja wa Kisovieti ya 1985, mabomu yakishaanguka sauti zinafifia unabaki mlio tu masikioni, yaani unasikia vile yule dogo ambaye ndo mhusika mkuu anavyosikia, na hapo hakuna mtu amekuelezea chochote. Cheki pia kamera imekaa wapi na imegoma kuondoka kwa muda gani, mara nyingi maumivu yanatokea hapo kuliko kwenye damu.

Alafu usipange mbili nzito mfululizo. Japani 1988 Grave of the Fireflies, katuni ya huzuni ya vita, ilitoka ikionyeshwa pamoja na My Neighbor Totoro, katuni ya furaha, nzito na nyepesi siku moja, mi naona akili (ila ukianza na ile nyepesi umekwisha).

Ukizidiwa bonyeza pozi kanywe maji, hakuna anayegawa vyeti. Na sio kila muvi ya giza ni kali, nyingine inatesa watu tu ili ionekane ya maana, hiyo iponde bila aibu. Ukiulizwa umeipenda, jibu "naikubali, ila siirudii".