Jibini la nyumbani: jitengenezee kikandamizio kwa mbao na dumu la maji

Hapa Njombe maziwa tunayo, na baridi ya Juni na Julai inatupunguzia kazi ya kuyatunza. Watu huniuliza jibini langu nalikandamiza kwa mashine gani. Ni mbao mbili, nguzo fupi na dumu la lita 5. Naanza na chombo hicho kwa sababu jibini zangu za mwanzo ziliharibikia hapo: nilizirundikia mawe tangu dakika ya kwanza, ganda la nje likajifunga, majimaji yakabaki ndani, na baada ya wiki nikakata kitu kichungu chenye nyufa.

Hatua ya 1: kalibu
Tafuta ndoo ya plastiki iliyokuwa na chakula, ya lita 3 hivi, iliyonyooka ubavuni. Itoboe kwa msumari wa moto kutokea ndani kwenda nje, makali yasije yakakwaruza jibini. Kisahani cha kukandamizia kikate kutoka kwenye kibao cha plastiki cha kukatia mboga. Kishuke bila kukwama, wala kisiache pengo pembeni.

Hatua ya 2: mtambo
Simamisha nguzo ya sentimita 50 mwishoni mwa ubao mzito wa kitako, uitoboe matundu kila baada ya sentimita 4. Mkono ni ubao wa mita 1, ncha yake ikishikwa na bolti kwenye nguzo. Kalibu ikae sentimita 30 kutoka kwenye bolti, na gogo dogo lisimame kati ya kisahani na mkono. Dumu lining'inie kwenye sentimita 90. Hapo uzito unakuwa mara 3: lita 1 ya maji ni kilo 1, basi dumu lililojaa linakandamiza kwa kilo 15, ukiacha uzito wa mkono wenyewe. Jibini likishuka, hamishia bolti tundu la chini ili mkono ubaki mlalo. Kitako kifunge mezani kwa bolti. Kikiwa huru, dumu litaupindua mtambo wote.

Hatua ya 3: maziwa
Lita 10 hutoa jibini la kilo 1 hivi. Muulize mfugaji kama ng'ombe alichomwa sindano karibuni, maana antibiotiki ikibaki kwenye maziwa, hayachachi. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi nje ya friji yaache, hayagandi sawasawa.

Pasha hadi nyuzi 63, yashikilie hapo dakika 30, kisha poza hadi 32 kwenye beseni la maji baridi. Koroga nusu kikombe cha mtindi mpya, subiri dakika 45. Zimua renneti (dawa ya kugandishia maziwa), kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, katika maji yaliyochemshwa yakapoa (klorini ya bomba huidhoofisha), mimina kwenye maziwa, koroga dakika moja, acha yatulie dakika 45.

Kisu kikichana gando (maziwa yaliyoganda) safi na majimaji ya kijani-njano yakajaa ufa, kata vipande vya sentimita 1. Pandisha joto polepole, nusu saa nzima, hadi nyuzi 38, huku ukikoroga kwa mkono mwepesi. Chuja, tia chumvi gramu 20 kwa kila kilo ya mabonge.

Hatua ya 4: kukandamiza
Tandika kitambaa cha marekani kilichochemshwa, jaza mabonge yangali na joto. Dumu liwe na lita 1 na nusu kwa dakika 15. Toa, geuza, nyoosha mikunjo ya kitambaa. Lita 3 kwa saa moja, geuza tena. Lita 5 usiku kucha. Majimaji yatoke matone matone. Yakitoka meupe kama maziwa, umeharakisha, punguza maji.

Kisha liweke juu ya wavu siku 3, ukiligeuza asubuhi na jioni, hadi ganda lisinate. Linalika hivyo hivyo, au likomaze wiki 4 na zaidi penye nyuzi 10 hadi 13. Majimaji yaliyokusanyika kwenye sinia usimwage: mimi nakandia unga wa chapati.